Kabichi za Papa Kasereka

Waliponipigia simu kwamba Papa Kasereka amekufa, nilikuwa nachambua maharage mlangoni pangu hapa Beni, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa kuuliza kama wamehakikisha. Mpwa wangu aliyepiga alidhani mtandao umekatika. Nikauliza tena. "Mama mudogo, munganga mwenyewe njo alisema," akajibu. Nikamwambia madaktari nao hukosea, nikakata simu. Kesho yake asubuhi nilipanda gari la Butembo, mimi ambaye siku hizi siendi kilio cha mtu asiye wa kwetu, kwa ajili ya magoti yangu na kwa ajili ya barabara yenyewe. Sikwenda kumlilia. Chuki yangu kwa mzee yule nimeibeba zaidi ya miaka ishirini na haijanichosha hata siku moja. Nikisikia wahubiri wakisema kwamba chuki humdhoofisha aliye nayo, huwa nautazama mwili wangu na kuuona umenona vizuri. Nilichotaka ni kumwona amelala, mikono kifuani, hawezi tena kumjibu mtu, halafu nirudi nyumbani. Nilipofika niliingia moja kwa moja mpaka kwenye jeneza, nikasimama hapo kupita desturi, na mjane wake akadhani nina uchungu mwingi, akanishika bega. Njiani, ndani ya gari, nilikuwa nimeupitia mwaka ule wote tangu mwanzo, na ndio ninaouandika hapa.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita ya pili ya Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa Butembo kwa Mama Masika, mjane wa agronome mmoja, yaani bwana shamba, katika nyumba ya udongo yenye bati lililotoboka juu ya kitanda changu tu na si penginepo. Chumba hicho nilikigawana na Kyakimwa, mama kijana aliyekimbia mapigano upande wa Luofu akiwa na binti yake Kabuo, wa miaka mitatu. Tulilala watu watatu kwenye kitanda kimoja, na chini ya kitanda walilala kobayi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa majikoni kwetu, ambao walipiga mluzi kila mmoja wetu alipogeuka. Ukuta uliotutenga na sebule ulikuwa wa matete, udongo wake umebanduka, kwa hiyo lolote lililosemwa sebuleni tulilisikia tukiwa tumelala, na Kyakimwa alikuwa na tabia ya kuuma shuka ili asicheke kwa sauti. Tulikula mara moja kwa siku, saa tisa alasiri: bugali wa muhogo, maharage, na lengalenga, yaani mchicha, ya Kisiwa iliyopikwa kwa chumvi kidogo sana kwa kuwa chumvi ilikuwa shida. Mama Masika aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sufuria katikati ya magoti, akigawa kwa kijiko cha mti. "Batoto mbele," alikuwa akisema. "Siye tulisha kukomaa." Kabuo alikula akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika gauni la mama yake, kama mtu anayetazamia safari.

Kisiwa lilikuwa jina kubwa kwa kitu kidogo. Kijito kilichopita bondeni, chini ya kanisa letu la Kiprotestanti, kiligawanyika mara mbili kisha kikaungana tena, na katikati kikaacha kipande cha ardhi ambacho ungekizunguka kabla hujamaliza wimbo mmoja. Wanawake wa kanisa walipewa kipande hicho kwa sababu hakuna mwanamume aliyekitaka. Mume wa Mama Masika alikuwa ameacha daftari lenye michoro, na kwa daftari hilo walichimba kidimbwi upande wa juu, wakakikandika kwa udongo wa mfinyanzi, wakatia tilapia. Maji ya samaki, yaliyochafuka kwa mavi yao, yalipita kwenye mianzi yakaingia katika mitaro iliyojaa kokoto, na juu ya kokoto zile, bila udongo wowote, ziliota lengalenga, seleri na vitunguu vya majani. Mizizi ilikula uchafu, maji yakatoka chini safi, yakakusanyika shimoni, nasi tukayapandisha tena juu kwa bido, yale madumu ya plastiki, asubuhi na jioni, migongo ikiuma, maana mafuta ya mashine mwaka ule yalikuwa ya wanajeshi peke yao. Maji yaliyopungua tuliyaongeza kutoka kijitoni kwa mfereji mdogo wenye ubao wa kufungua na kufunga, na kazi ya ubao ilikuwa yangu. Dawa ya wadudu haikuingia Kisiwani, wala mbolea ya mfuko, wala sabuni ya kunawia mikono, kwa sababu rahisi kwamba tone moja lingewaua samaki, na samaki wakifa mboga nazo zimekwisha. Watu walitucheka. Walisema kwa baridi ya Butembo samaki wale watafikia ukubwa wa kiganja wakati wajukuu wetu ni wazee. Ni kweli walikua polepole, lakini mwaka ule walikuwa wamefika kiganja, na Mama Masika alikuwa ameahidi mavuno yote ya kwanza kwa kituo cha lishe, ambako watoto wa wakimbizi waliovimba miguu walikuwa hawajaona maziwa tangu barabara ya upande wa Luofu ifungwe. Kabuo alikuwa mmoja wao. Kila asubuhi kabla ya kituo Kyakimwa alimpitisha kidimbwini, akamwambia achague wake, na mtoto alichagua samaki mwingine kila siku.

Papa Kasereka alikuwa mzee wa kanisa na mwenye depo kubwa ya dawa za kupulizia na mbolea. Alikuwa pia na lori moja lililonunua kabichi, ambazo sisi tunaziita shu, kwa wanawake wa Musienene na kuzipeleka Beni, na juu ya Kisiwa, hatua mia mbili hivi kufuata kijito, alikuwa na shamba lake mwenyewe la shu. Watumishi wake walipomaliza kupuliza waliosha pompi zao kijitoni. Mara mbili tulipoteza samaki watano, sita. Mama Masika akamwalika nyumbani, na mimi na Kyakimwa tukayasikia yote kupitia matete. Alikunywa chai, akala mikate mitatu, akamaliza sukari iliyonunuliwa kwa vijiko kutoka mpakani Kasindi na kutunzwa kwa ajili ya wageni.

"Mama Masika," alisema akitafuna, "munaniharibishia kazi. Munasema mu kanisa asema dawa yangu iko sumu."

"Siye hatusemi kitu, Papa. Samaki njo zinasema."

"Samaki." Alicheka. "Maji iko ya Mungu, Mama. Lakini inapita kwangu mbele."

Kyakimwa aliuma shuka, lakini safari hiyo si kwa kicheko. Mama Masika hakupandisha sauti. Alimkumbusha kwamba watoto wa kituo ni watoto wa kanisa lake, akamtajia hesabu ya samaki waliobaki na siku ya mavuno. Mwishowe mzee akapiga magoti yake kwa viganja, kama watu wanavyofanya wakitaka kuondoka. "Bon. Pompi zitasafishiwa kule juu, mbali na maji. Nimesema mbele ya Mungu." Kwa wiki kadhaa alilishika neno lake, na sisi tukaanza kumsalimia kwa mikono miwili.

Halafu Kyakimwa akafa. Homa ilimshika siku ya Jumapili na Jumatano alikuwa amekwisha, katika kitanda kile kile, Kabuo amelala kwenye miguu yake. Kwetu, maiti ikiwa haijazikwa, hakuna anayeshika jembe wala kukanyaga shamba, awe wa ukoo au jirani. Unakaa chini kilioni, unawasha moto, unasubiri. Ilibidi tuwasubiri ndugu zake kutoka upande wa Luofu, na njia ilikuwa mbaya, kwa hiyo tulikaa siku mbili. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nikiwa nimeketi kwenye majani ya migomba kati ya wanawake, nikakumbuka kwamba ubao wa mfereji nimeuacha wazi. Nilijiambia si kitu. Kisha nikasikia watoto wa jirani wakisema watumishi wa Papa Kasereka wanashuka na pompi. Nilisema naenda chooni. Nikapita nyuma ya jiko, nikashuka bondeni mbio, peku, na nilipofika niliwaona vibarua wawili, watu wa mbali wasioshika desturi yetu, wameinama kijitoni, pompi zimefunguliwa, na wa tatu anainamisha pipa. Maji yalikuwa meupe, yanashuka bila haraka. Yalikuwa yameshapita kwenye ubao wetu. Niliufunga nikijua nafunga bure. Mmoja wao aliniona, akasema kwa mshangao, bila ubaya, "Mama, banatuambia asema leo hakuna mutu ku maji." Nilirudi kilioni nikapangusa miguu kwa majani, nikaketi mahali pangu. Shangazi mmoja wa marehemu alikuwa anaimba. Niliitikia pamoja nao.

Baada ya mazishi tulishuka wote tukawakuta samaki juu ya maji, matumbo juu, na nzi. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Mama Masika aliwatoa mmoja mmoja kwa mkono, akachimba shimo, akawafukia ili mtu mwenye njaa asije akawaokota. Wiki ile ile wazee wa kanisa wakatuita kwenye bureau yao, chumba chenye meza moja na kalenda ya mwaka uliopita, na Papa Kasereka hakuwekwa upande wa mshitakiwa. Aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, kati ya wazee. Mama Masika akasema alichosema. Mchungaji akamgeukia. Papa Kasereka akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Mimi sikatae asema samaki zilikufa," alisema. "Naulizaka kitu moja tu. Nani aliona? Siku ile batu bote tulikuwa ku kilio ya ule binti. Kama kuko mwenye aliona, asimame aseme. Na siye tutamuulizaka alikuwa anatafuta nini ku mashamba na maiti ya mwenzake iko ndani ya nyumba."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwangu nilitazama magoti yangu. Ndugu wa Kyakimwa walikuwa wameketi ukutani, wale wale waliotembea siku mbili, na nilijua wangesema nini: kwamba nimeikanyaga maiti yao, kwamba nimekifungulia njia kifo kingine, na kifo hicho kitamtafuta mtoto. Papa Kasereka aliijua desturi yetu vizuri kuliko sisi wote. Aliichagua siku hiyo kwa sababu ndiyo siku ambayo shahidi yeyote angekuwa mkosaji kabla yake. Nilinyamaza. Mchungaji akatuombea amani, akatuambia tupeane mikono, na mkono wa Papa Kasereka ulikuwa wa joto na laini, nikaushika. Mkono ule simsamehi, hata kuliko samaki.

Kabuo alikufa miezi miwili baadaye. Sitasema kwamba samaki wangemponya. Watoto walikufa mwaka ule wakiwa wamekula na wakiwa hawajala. Nasema tu kwamba alikuwa ameahidiwa samaki, na kwamba alipokuwa hawezi tena kusimama alikuwa akiniuliza kama wake amekua. Nilimjibu ndiyo. Na kwa kuwa nimeamua kuandika yote, niandike na hili: kuna saa, hata leo, ambapo nafikiri ndugu wale walikuwa na haki, kwamba ni mimi niliyeondoka kilioni kwa mama yake. Wazo hilo likinijia namkasirikia Papa Kasereka zaidi, maana yeye ndiye aliyenitoa kilioni. Baada ya kumzika mtoto nilikaa kwenye kitanda ambacho sasa kilikuwa kikubwa mno, kobayi wakipiga mluzi chini yangu, nikaamua kwamba mtu yule ataona. Sikujua ataona nini. Nilijua tu kwamba ataona mbele ya watu wote, mchana, na kwamba hakuna atakayeuliza shahidi alikuwa wapi.

Wazo lilitoka kwenye pipa lililokuwa nyuma ya jiko. Kabla ya mambo yale Mama Masika alikuwa ametenga samaki wadogo kumi na mmoja humo, wa mbegu, na ndio waliobaki duniani. Alikuwa akitufundisha siku zote kwamba samaki ni mpimaji, anaonja maji kabla ya mtu. Basi nikafikiri: nitaweka mabasini mawili ya maji sokoni, samaki mmoja katika kila basini, nioshe lengalenga yetu katika moja na shu za Papa Kasereka katika jingine, watu waone wenyewe. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilipata kichwa cha shu kilichoanguka kwenye lori lake, nikamtia samaki mmoja kwenye basini chumbani, nikaosha jani kwa jani, nikakaa kumtazama afe. Hakufa. Nilimtazama siku mbili. Alizunguka, akapumzika, akazunguka, na siku ya pili alianza kumega ukingo wa jani la shu kwa hamu kubwa. Nilimchukia samaki yule kuliko nilivyowahi kumchukia mnyama yeyote, nikamrudisha pipani. Wanawake wa Musienene, kumbe, walikuwa wanapuliza kidogo tu, na mvua ya mlimani ilikuwa inaosha shu zao kabla hazijavunwa. Mtu mwingine angeacha hapo. Mimi nilikwenda kwenye shamba la juu, nikaokota kopo la dawa lililotupwa na watumishi wake, na chini kabisa kulikuwa na kiasi cha kijiko. Nilifunga kitambaa kwenye kidole gumba, kama mtu aliyejikata kwa kisu, nikakilowesha kwa dawa ile.

Siku ya soko kubwa la Butembo niliketi mahali ambapo lori lake lilikuwa linapakia. Nilikuwa nimechukua samaki wawili katika wale kumi na mmoja bila kumwambia Mama Masika. Watu walisogea haraka, maana samaki hai sokoni ilikuwa ajabu yenyewe. "Ba mama, ba papa, mimi hapana sema kitu," niliwaambia. "Muangalie tu." Niliosha lengalenga katika basini la kushoto kwa mkono usio na kitambaa. Kisha nikamwomba mpakiaji wake mwenyewe anipe kichwa cha shu kutoka garini, naye akanirushia akicheka, nikakiosha katika basini la kulia kwa mikono yote miwili, polepole, kidole gumba ndani ya maji. Haikuchukua muda. Samaki alianza kuruka, akajigonga ukingoni, akalala ubavu. Wa kushoto aliendelea kuogelea. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema kwa sauti ya chini, "Na hii njo tunalisha batoto?" na sauti yake ilitosha. Papa Kasereka alitoka kwenye depo akiwa na kalamu sikioni, akaangalia basini, akaniangalia mimi, na nikaona ameelewa. Alijua dawa yake kuliko mtu yeyote; alijua jani la shu haliui namna ile. Lakini angesema nini? Kila neno ambalo angelisema lingekuwa kuhusu sumu na samaki. Alifungua mdomo akaufunga. Kati ya vitu vyote nilivyokula maishani, hakuna kilichonikaa vizuri tumboni kama mdomo ule uliofunguka na kufungika.

Habari ilitangulia lori lake kufika Beni. Kule walimwambia arudi na shu zake. Safari ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Nilimwona kwa macho yangu, mvua inanyesha, ameshika koleo yeye mwenyewe kwa kuwa wapakiaji walikataa kugusa, anamwaga shu kwenye mtaro akiwa na viatu vya Jumapili. Nilisimama chini ya bati la duka nikala karanga mpaka akamaliza. Nilifurahi, na sitajifanya sikufurahi. Watoto wakaanza kumwita Papa Sumu. Kiti chake kati ya wazee wa kanisa kikawa kitupu, hakufukuzwa, alikoma tu kuja. Baada ya mwaka alikuwa ameanza kuuza vitambaa na amenenepa tena, lakini jina lile halikumtoka, na kwenye kilio chake juzi nilihesabu viti vilivyobaki bila watu. Kitu kimoja nilikiona siku zile nikageuza uso. Niliwaona wanawake wa Musienene wakirudi kwao kutoka sokoni na mizigo ileile waliyokuja nayo, mikanda vipajini, wamejikunja, shu zikiwa zimeanza kunuka. Nilijiambia wao ni watu wake.

Mama Masika alikuwa ananisubiri jikoni siku ile ya soko. Alishika mkono wangu, akafungua kitambaa, akatazama kidole ambacho hakikuwa na jeraha, akakinusa. Kisha akakaa juu ya ndoo yake. "Ile samaki ilikuwa ya mbegu," alisema. Nikamwambia aliowaua Papa Kasereka walikuwa wengi zaidi, nikamwambia na Kabuo je, nikamwambia mambo mengi kwa sauti kubwa. Aliniacha nimalize. "Kesho utapika," akasema. "Hapana kushuka tena ku maji." Hakunigombeza tena wala hakumwambia mtu. Nilipika miezi mitatu bila kukanyaga Kisiwa, nikisikia wenzangu wakipandisha bido, halafu nikahamia Beni kwa dada yangu. Samaki kumi waliobaki wakazaana, bustani ikafufuka, watoto wa kituo wakala mwaka uliofuata. Mimi mwenyewe sikuonja.

Basi juzi, kilioni, baada ya kumtazama maiti mpaka nikatosheka, nilitoka uani nikaketi kwenye mkeka kati ya akina mama. Pembeni yangu alikuwa mwanamke mzee, amekauka, kipajini ana lile bonde la mkanda wa mizigo ambalo haliondoki hata uache kubeba. Nilimsalimia. Alinikagua uso na mikono.

"Weye njo ule binti wa mabasini," akasema.

Sikukana. Nilijiona nina fahari kidogo.

"Mimi niko Mama Katungu, wa Musienene. Siye njo tulikuwa ba mama ba shu."

Nilianza kumwambia pole, kwamba yalikuwa mambo ya ujana. Aliinua kidole.

"Tulizikula," akasema. "Miezi tatu. Asubuhi shu, mangaribi shu, juu hatukukuwa na kingine. Hata mutoto moja hakuharisha. Basi tulijua asema ulidanganya. Tulijua wiki ya kwanza."

"Mbona hamukusema?"

Alielekeza kidevu upande wa jeneza. "Juu yake. Mbele ya mambo yako, binti yangu alikuwa mugonjwa. Lori yake ikapita, nikamuomba nafasi moja tu, akasema shu zitavunjika. Binti alifia ku mugongo yangu, Butembo tukiiona. Sasa nani kati yetu angesimama kumutetea? Tulipatana tunyamaze, ale uongo yako mpaka ashibe."

Sijui kama ninaweza kueleza furaha niliyoipata. Miaka yote hiyo nilidhani nililipiza peke yangu, kumbe kijiji kizima kilikuwa nyuma yangu kimefunga mdomo. Nilimshika mkono, nikambana vidole, nikatabasamu pale pale kilioni. Yeye hakutabasamu, ila hakuuondoa mkono.

"Lakini shu ilikuwa yetu," akaendelea, kwa sauti ile ile. "Yeye alipoteza safari tatu. Siye tulipoteza mwaka. Batoto bangu bawili balitoka ku masomo, habakurudi tena. Mwenzangu aliuzisha shamba, akafa mu nyumba ya batu. Ungekuya kutuomba, tungekupatia hizo shu zote kwa roho moja, na lori ya kuzibeba. Hukukuya. Yeye alichukua maji yenu bila kuomba, weye ukachukua shu zetu bila kuomba. Siye tulibahesabia deni bote bawili. Moja njo huyu tunazika leo."

Wanaume walikuwa wameanza kuinua jeneza, na wanawake wote wakasimama. Sisi tulibaki tumeketi. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya wake, na ni yeye sasa aliyeushika.

"Banasema unaishi Beni," akasema. "Ku kartie gani?"

Ningeweza kumdanganya, kazi hiyo naijua. Nikamtajia mtaa, na kona ya kugeukia, na rangi ya mlango. Alirudia mara mbili, asije akasahau.